Duka Lililongoja Salamu

Mtu akiniambia kwamba tovuti yake inachelewa, huwa namwomba anieleze inachelewa namna gani. Wengi hushangaa, kana kwamba kuchelewa ni kwa aina moja tu. Lakini kuna kuchelewa kwa mtu aliyebeba mzigo mzito, na kuna kuchelewa kwa mtu aliyesimama njiani akimngoja mwenzake. Ukiwatazama kwa mbali, wote wawili hawafiki. Yule wa kwanza ukimpunguzia mzigo, atafika. Yule wa pili unaweza kumvua hata viatu, na bado atakuwa amesimama palepale. Nimewafundisha watu jambo hili kwa miaka. Mwenyewe nililisahau kwa wiki moja, kule Boito, na wiki hiyo sijaimaliza kuifikiria.

Ofisi yangu iko mjini Kericho, chumba kimoja juu ya duka la mbolea na dawa za mifugo. Harufu ya mbolea hupanda ngazi pamoja na wateja. Ijumaa hiyo alipanda mama wa makamo, amevaa gauni jeusi na sweta ya kijani, na mikononi amebeba kibuyu kilichofungwa kwa leso kama mtoto mchanga. Nilimfahamu kidogo. Aliwahi kuhudhuria darasa la kompyuta nililowafundisha akina mama kule Kabianga, na tangu hapo ananiita mwalimu. Yeye ni Mkipsigis wa Boito. Mimi nilizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, wazazi wangu wakiwa wamekuja kutoka upande wa ziwa kutafuta kazi kiwandani. Kipsigis changu kinatosha kusalimia na kununua maziwa, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili.

"Mwalimu, duka yangu inakufa," alisema kabla hajakaa.

"Duka ya wapi, mama?"

"Ile ya kwa simu."

Akafungua leso na kuniwekea kibuyu mezani. Kilikuwa kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandisha ya Wakipsigis, kile wanachokiita sotet, kimesuguliwa mpaka kinang'aa, kifuniko cha ngozi, shanga nyekundu na nyeupe shingoni. Nilijua kazi yake. Alikuwa amechuma majani kwenye shamba kubwa kwa miaka kumi na tisa, mpaka zilipoletwa mashine za kuchuma, na mashine moja na watu wachache ikachukua kazi ya mstari mzima wa wanawake. Siku alipoambiwa asirudi, alianza kutengeneza vibuyu. Mumewe, aliyekuwa fundi wa umeme kiwandani, alijifundisha mwenyewe kutengeneza tovuti na akamjengea duka la mtandaoni. Wateja wake walikuwa watu wa kwao walio mbali: manesi ng'ambo, wanafunzi, familia za Nairobi na Eldoret zinazohitaji kibuyu cha posa au cha harusi. Kisha mumewe akaugua siku chache tu, akafa, wakati wa mvua ndefu.

"Tangu azikwe, duka inachelewa," alisema. "Kwanza kidogo, halafu sana. Juzi nesi mmoja amenipigia kutoka huko nje. Ananiambia, 'Mama, nimefungua duka yako nikaenda kuoga, nikarudi, bado ni karatasi nyeupe.'" Alicheka, kisha kicheko kikamkatikia. "Alikuwa anafanya mzaha. Lakini hakununua."

"Na Disemba inakuja," nilisema.

"Disemba ndiyo harusi zote. Mwalimu, hawa watu walinijua kwa shida, mmoja akiambia mwingine. Wananiamini. Wakienda sina wengine, na kwa majani sirudi tena, hakuna mahali pa kurudi."

Nilimwambia tusikate tamaa kabla ya kupima. Hilo huwa nasema kwa kila mtu, nawe pia nakuambia: usiguse chochote kabla ya kupima. Na usipime kwa kompyuta nzuri ya ofisini. Chukua simu ya bei rahisi, laini ya kawaida, ukae mahali ambapo mteja wako angekaa. Nilichukua simu yangu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, nikafungua duka lake, tukahesabu pamoja kwa sauti. Sekunde ishirini na tatu kabla ya kuonekana kitu chochote. Mteja mwenye subira hungoja tatu, labda nne.

Kisha nikamgeuzia kompyuta nimwonyeshe ile picha ambayo hunisaidia zaidi kuliko maneno. Kivinjari, ile programu ya kufungulia tovuti, kinaweza kukuchorea mistari, mmoja kwa kila kitu ambacho ukurasa unaitisha ili ujitengeneze. Mstari mfupi ni kitu kilichofika haraka. Mstari mrefu ni kitu kilichochelewesha wenzake.

"Mama, kwenye kituo cha kupimia majani, gari la kiwanda linaondoka saa ngapi?"

"Likishapakia gunia la mwisho."

"Na kama mtu mmoja ameleta magunia arobaini?"

"Tunalala hapo hapo," alisema, kisha akaisogelea skrini. "Hizi ndefu ni za nani?"

Zilikuwa picha zake. Kila kibuyu kilikuwa na picha nne, za pande zote, na kila picha ilikuwa kubwa kama ilivyotoka kwenye kamera, inayoweza kuchapishwa ukutani. Ukurasa ulikuwa unazibeba zote kwa mkupuo, hata zile za chini kabisa ambazo mteja hajazifikia. Nilimshauri aweke picha moja kwa kila aina ya kibuyu. Alikataa bila kufikiri mara mbili.

"Hakuna vibuyu viwili sawa. Nikionyesha mtu hii halafu nitume ile, nimemdanganya."

Basi tukakubaliana picha zibaki zote, ila zipunguzwe uzito, na za chini zisubiri mpaka mteja ateremke kuzifuata. Namna ya kuingia ndani ya tovuti ilikuwa imeandikwa katika daftari la mumewe, na daftari lilikuwa nyumbani. Nikaahidi kwenda Boito kesho yake.

Nyumba yao imezungukwa na majani chai pande tatu. Upande wa nne ni kaburi, udongo wake bado mwekundu, na shada la plastiki limepauka kwa jua. Sebuleni alikuwepo dada ya marehemu, mkubwa kwa mama yule, mwanamke mwembamba mwenye macho makali. Alikuwa ameshika kibuyu kati ya magoti, anakisugua ndani na mkaa wa mti kwa kijiti kirefu, mikono imekuwa myeusi mpaka kwenye viwiko.

"Ndiye huyu wa kompyuta?" alimuuliza wifi yake huku akinitazama mimi.

"Ndiye."

"Mbona hana miwani? Mtu wa kompyuta bila miwani ni kama daktari bila koti. Na nasikia ni mtu wa ziwa. Wewe, mursik unaijua kweli?"

"Najua kuimaliza, mama."

"Haya, aketi. Huyu atafaa."

Daftari lilikuwa la shule, la mistari, limeandikwa kwa kalamu ya buluu kwa mwandiko wa mtu anayeheshimu karatasi. Neno la siri la kila kitu lilikuwa ndani, na pia maagizo yote aliyoiandikia tovuti, aliyaandika kwanza kwa mkono kabla ya kuyaingiza kwenye kompyuta. Nilikaa nalo mchana kutwa. Nikazipunguza picha, nikazipanga, na mama akaniletea chai na viazi vitamu. Saa tisa nikachukua ile simu yenye kioo kilichopasuka, tukapima.

Kumi na nne.

"Ishirini na tatu mpaka kumi na nne!" mama alisema, na akapiga makofi.

Mimi nilipima tena. Kumi na nne. Nikatoka nje, nikasimama karibu na kaburi ambako laini ilikuwa na nguvu zaidi, nikapima. Kumi na nne.

Hapo ndipo nilipoanza kushuku jambo, na nitaeleza kwa nini. Mtandao dhaifu haurudii. Mara utakupa nane, mara ishirini, mara utakataa kabisa. Ukiona muda uleule mara tatu, kamili, si mzigo tena. Ni kungoja. Mahali fulani ukurasa unamwita mtu, mtu haitiki, na ukurasa umeambiwa usubiri kiasi hicho kabla ya kukata tamaa.

Nilirudi kwenye mistari. Sasa kwa kuwa picha zilikuwa zimepungua, mstari mmoja ulionekana waziwazi, mrefu, mtupu, juu kabisa ya mingine yote. Duka lilikuwa linaita anwani nyingine ya mtandaoni, si yake, na lilikuwa limeamriwa lisichore hata herufi moja kabla ya kujibiwa.

"Mama, hii anwani ni ya nani?"

Alisoma. Kisha akakaa chini. "Hiyo ni ya salamu."

Mumewe, alinieleza, alikataa kabisa kwamba mtu aingie dukani akutane na bei. Hakuna mtu anayeingia kwenye boma akaanza kuuliza bei ya ng'ombe. Anasalimia, anasalimiwa, anaulizwa mvua ya kwao, ndipo mazungumzo yanaanza. Kwa hiyo alinunua anwani ya pili, ya salamu peke yake, akitumaini kwamba siku moja majirani wenye maduka yao wataitumia pia. Kila asubuhi kabla ya kwenda kiwandani aliandika mstari mmoja kwa simu: leo kuna ukungu, leo barabara ni matope, leo ng'ombe amezaa. Mteja akifungua duka, popote alipo duniani, kitu cha kwanza kuona kilikuwa "Chamgei", salamu ya Kipsigis, halafu hali ya Boito siku hiyo, halafu maneno "sisi tuko". Vibuyu vilifuata baadaye. Daftarini alikuwa ameandika: Salamu kwanza, bidhaa baadaye. Na akapiga mstari chini yake mara mbili.

Sijawahi kuona kosa la ufundi nililolipenda kiasi hicho. Mtu yeyote wa kazi yangu angesema amekosea: kitu cha ziada hakiwekwi mlangoni, kinawekwa pembeni kije kikiweza. Alipokuwa hai halikuwa na madhara, kwani jibu lilifika mara moja. Alipokufa, hakuna aliyeandika tena, na baadaye hakuna aliyeitika. Duka likaendelea kumwita kila lilipofunguliwa, likimngojea sekunde kumi na nne.

"Naweza kuitoa sasa hivi," nilisema. "Ni mstari mmoja tu."

Kijiti kilisimama ndani ya kibuyu.

"Utoe nini?" aliuliza dada ya marehemu.

"Salamu, mama. Ndiyo inachelewesha."

"Utoe salamu ya ndugu yangu." Hakupaza sauti. "Jumamosi ijayo tuna maombi hapa. Mchungaji anakuja, jamaa wote wanakuja, nguo zake zitagawanywa. Mpaka siku hiyo hakuna kitu ya huyu mtu inatolewa kwa hii nyumba. Unaona hiyo kofia kwa msumari? Hata vumbi yake sijapanguza."

Nilimtazama mama mwenye duka. Aliinamisha kichwa. "Ni wiki moja tu, mwalimu," alisema. "Kumi na nne si ni afadhali?"

Nikakubali. Ilikuwa heshima, na hata leo siwezi kusema kwamba heshima ile ilikuwa mbaya. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo ningeweza kulifanya bila kugusa kitu: kuuliza ile anwani ya salamu sasa iko mikononi mwa nani. Ni swali la dakika moja, na jibu liko wazi kwa kila mtu kwenye orodha ya mtandaoni ya anwani. Sikuuliza. Niliona ni kama kupekua mifuko ya koti la marehemu mbele ya dada yake. Nikafunga kompyuta, nikaaga.

Jumanne saa sita mchana simu yangu ililia.

"Mwalimu! Imesalimia!"

"Nini imesalimia?"

"Duka! Fungua uone!"

Nilifungua. Ukurasa ulikuja kwa sekunde tano, na juu yake, kwa herufi za kijani alizozichagua marehemu mwenyewe, palikuwa pameandikwa: Chamgei. Hapa Boito leo kuna mvua. Sisi tuko. Nyuma ya sauti ya mama nilimsikia wifi yake akiimba wimbo wa kanisa kwa nguvu.

"Anasema sasa tusiiguse kabisa," mama alisema, akicheka na kulia. "Anasema si alituambia!"

Nilitazama nje ya dirisha. Jua lilikuwa linachoma mabati ya Kericho. "Huko kwenu mvua imeanza?" nilimuuliza.

"Hapana, ni jua. Lakini mvua ya huku si hukuja jioni?" Alijibu haraka, kama anayemtetea mtu.

Nilijiambia kwamba mashine iliyokuwa imezimika mahali fulani imewashwa upya, na imerudisha maneno ya mwisho iliyokuwa nayo. Mambo kama hayo hutokea. Nikampongeza. Siku ya Jumatano maneno yalikuwa yaleyale, na Alhamisi yaleyale: leo kuna mvua, sisi tuko. Hakukunyesha hata tone siku zote hizo. Na kwa kuwa sasa duka lilifunguka upesi kidogo, watu walirudi. Mama alinipigia Ijumaa kuniambia kwamba ameagizwa vibuyu kumi na moja tangu Jumanne. Nilifurahi pamoja naye. Nakumbuka nilifurahi kweli.

Jumamosi niliwakuta wamemaliza kuomba. Watu walikuwa wamekaa nje kwenye viti vya plastiki wakila, na nguo za marehemu zilikuwa zimegawanywa; niliona shati lake limevaliwa na mzee mmoja juu ya shati lingine. Msumari ukutani ulikuwa mtupu. Hewa ilikuwa nzito na kavu, na mashamba ya chai yamenyamaza namna ambavyo hunyamaza kabla ya mvua ya mawe, ingawa angani hapakuwa na wingu.

"Haya, mtu wa ziwa," dada ya marehemu aliniambia. "Siku yako imefika. Lakini sasa inasalimia vizuri. Si tuiache tu?"

"Tunaweza kuihamisha pembeni, mama, isizuie mlango. Wakiona salamu au wasione, vibuyu vitafunguka." Nilikuwa nimekuja na mpango huo, na nilijivunia. Nikafungua kompyuta kwenye meza ya sebuleni, na ili kuwa na la kusema tu, nikamuuliza mama: "Hii ya mvua aliiandika siku gani?"

Alifikiri. "Sijui. Alikuwa anaandika mvua siku nyingi."

"Nauliza kwa sababu ndiyo ya mwisho."

"Hapana," alisema. "Ya mwisho si hiyo. Siku ile aliyoenda hospitali aliandika jua. Aliandika, 'Leo jua, tumeanika wimbi ya uji.' Nakumbuka kwa sababu nilimwambia watu wa ng'ambo hawana haja na wimbi yetu, akanicheka."

Nje mtu aliangusha sahani.

"Basi ni nani," dada ya marehemu aliuliza polepole, "anaandika mvua?"

Sasa nikauliza lile swali la dakika moja. Jibu lilikuja kabla sijamaliza kumeza mate. Anwani ya salamu ililipiwa mwaka kwa mwaka, na ilani za kulipia zilikuwa zikienda kwenye barua pepe ya marehemu, ambayo hakuna aliyeifungua. Muda ukaisha, anwani ikaachwa wazi. Na Jumatatu iliyotangulia ile salamu, mtu mwingine aliinunua. Jina lake limefichwa.

Niliwaeleza kama nitakavyokueleza. Kuna watu duniani ambao kazi yao ni kukaa wakitazama anwani zilizoachwa, hasa zile ambazo bado zinaitwa. Ni kama nyumba ambayo mwenyewe amehama, lakini wageni bado wanakuja kupiga hodi. Ukiingia ukajifungia ndani, ukaitika kwa sauti ya mwenyewe, wageni watakupa walichokileta.

"Nipe daftari, mama," nilisema. "Unisomee maagizo ya salamu. Mimi nitafuata kwenye skrini yale yanayotoka sasa kwa hiyo anwani."

Akasoma maagizo ya mumewe kwa sauti, mstari mmoja mmoja, alama moja moja, bila kuelewa, kama mtu anayesoma lugha ya kigeni kanisani. Mimi nikafuata kwa kidole. Yote yalilingana. Walikuwa wameichukua nakala ya zamani ya kazi yake, maana ziko hifadhi zinazotunza nakala za kurasa za watu, na nakala waliyoipata ilikuwa ya siku ya mvua. Mstari wa thelathini na moja mama akanyamaza.

"Imeisha," alisema.

Kwenye skrini haikuwa imeisha. Palikuwa na nafasi nyeupe. Niliteremka, nyeupe; nikateremka tena, nyeupe, mbali kuliko ambavyo mtu mvivu angetazama. Kisha mstari mmoja, mrefu, uliokunjwakunjwa usisomeke kirahisi. Niliukunjua taratibu. Ulisema hivi, kwa maneno ya kawaida: mteja akijaza fomu ya kuagiza, chukua jina lake, nambari yake ya simu na kibuyu alichochagua, ututumie sisi.

"Wamechukua vibuyu?" dada ya marehemu aliuliza.

"Hapana, mama. Wamechukua watu."

Alisimama akatazama ile salamu ya kijani kwa muda. "Toa," alisema. "Huyo si ndugu yangu."

Niliuchagua ule mstari wa ukurasa unaoita salamu, nikamsogezea mama kompyuta. "Bonyeza wewe." Alibonyeza kwa kidole chenye weusi wa mkaa. Nikachukua ile simu ya kioo kilichopasuka, nikafungua duka. Halikutimiza hata sekunde mbili. Vibuyu vikajitokeza, na shanga zao nyekundu na nyeupe, safi, kimoja baada ya kingine, kama ambavyo vingepaswa kufunguka tangu wiki iliyopita. Kazi niliyoitiwa ilikuwa imekwisha. Hakuna aliyepiga makofi.

Mama alikuwa tayari ameandika kwenye karatasi majina kumi na moja. "Niwaambie nini?"

"Ukweli wote. Kwamba kuna mtu amepata nambari zao. Kwamba wasimtumie mtu pesa."

"Wataniona mimi ndiye mwizi."

"Wakisikia kwako kwanza, hapana."

Alipiga wa kwanza, simu ikaita mpaka ikakatika. Wa pili alikuwa mwanafunzi wa chuo. Alisikiliza, akashukuru, akasema hajapigiwa na mtu. Mama alivuta pumzi. Wa tatu alikuwa mama mmoja wa Nairobi aliyeagiza kibuyu cha posa ya binti yake. Simu ilikuwa kwenye spika, kwa hiyo sote tulisikia.

"Habari ya nyumbani, mama? Ni mimi mwenye vibuyu, wa Boito."

"Mzuri sana! Lakini si tayari tumeongea?"

"Na nani?"

"Na mzee wako. Amenipigia asubuhi. Mtu mpole sana, amenisalimia vizuri. Amesema kibuyu changu kile cha shanga nyekundu kimekwama njiani, niongeze kidogo kiachiliwe."

Dada ya marehemu alishika ukingo wa meza. Nikakumbuka kwamba ukurasa mmoja wa duka, wenye picha ya mume na mke wamesimama mlangoni, na maneno yasemayo ni nani aliyelijenga, ulikuwa bado uko pale, yeyote angeweza kuusoma.

"Mama, sikiza," mwenye duka alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini mno. "Mzee wangu amekufa. Tumemzika wakati wa mvua."

Upande wa pili tulisikia televisheni ya mtu, na mlango ukifungwa.

"Pole," yule mama wa Nairobi alisema hatimaye, lakini sauti yake ilikuwa imebadilika, imerudi nyuma hatua kadhaa. "Sasa niambie kitu kimoja. Yeye amesema ni mwenye duka. Wewe unasema ni mwenye duka. Yeye anajua kibuyu changu, na wewe unajua kibuyu changu. Mimi nitajuaje ni gani ya kweli?"

Mama aliitazama simu mezani kana kwamba ilikuwa imemuumiza mkono.

"Hutajua," alimjibu. "Usitume kitu kwa mtu yeyote. Hata mimi. Jumanne nitakuja Nairobi na kibuyu yako kwa mkono, utaniona kwa macho, ukipenda unifukuze."

Akakata. Alifuta jasho kwa leso, akachukua kalamu, akaweka alama kando ya jina la tatu. Wifi yake alivuta kiti akaketi karibu naye, akaishika karatasi isipeperuke, akamsomea tarakimu za nambari ya nne kwa sauti, moja moja, naye akazibonyeza.

Tuliinama sote watatu juu ya simu. Nambari ya nne ilikuwa inazungumza na mtu mwingine.